Hali za Nyumbani, kwa Wingi

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, saa kumi na mbili na robo,
taa za Swindon hazijazimwa bado,
nasimamisha gari la wagonjwa wa figo
mbele ya nyumba namba kumi na tisa,
namshika mkono Bi Kusumlata Awasthi
kama mtu aliyebeba trei ya mayai.

Miezi miwili tulisafiri bubu.
Kiingereza chake ni asante na baridi.
Changu ni kingi, lakini cha nini?
Huku salamu ni neno moja, nalo humezwa nusu.
Mimi nimelelewa Korogwe,
ambako huombi chumvi kwa jirani
kabla hujauliza watoto, mama, mguu wa babu,
na yule mbuzi aliyekuwa akikohoa.
Kukaa kimya na mtu mzima nusu saa nzima
kuliniwasha kama shati la mtumba ambalo halijafuliwa.

Nikamwomba mjukuu wake, Ritika, anifundishe.
Akaandika nyuma ya risiti ya maegesho:
*Aap ke ghar mein sab kaise hain?*
Nyumbani kwenu, wote, hawajambo?
Nikairudia kwenye taa nyekundu,
nikairudia nikipiga mswaki,
mke wangu akauliza namwapiza nani.

Jumatano nikaisema.
Bi Kusumlata akaziba mdomo kwa ncha ya shali,
mabega yakamtikisika njia nzima.
Jioni Ritika akanieleza:
nilitamka *gh* ya ghali, ya ghala, ya ghadhabu,
na irabu nikaivuta mno.
Nilimuuliza bibi yake
hali za wote walioko pangoni.
Basi sikukosea sana, nikamwambia,
huku sote tunaishi kwa pango,
na la mwezi huu sijalipa.
Hakucheka. Utani mwingine hauvuki.

*Gh* yao ni g yenye pumzi nyuma yake,
kama mtu anayepuliza chai.
Nikajifunza kupuliza.
Nikajifunza kwamba mama ni mmoja
lakini heshima humfanya wengi:
husemi hajambo, wasema hawajambo,
kana kwamba nyuma ya kila mzazi
kuna foleni ya wazazi, nao wanangoja kuulizwa.

Nikauliza mwana. Hawajambo.
Nikauliza mkwe. Hawajambo, ila zamu za usiku.
Nikauliza dada aliyebaki Kanpur,
na goti la dada.
Kisha, Ijumaa moja ya ukungu,
nikijiona sasa mtu wa nyumbani,
nikauliza baba Pankaj,
hivyo hivyo, bila jina,
maana mama yangu naye hajapata kulitaja jina la mumewe:
*Pankaj ke pitaji kaise hain?*

Taa ikageuka kijani. Sikuondoka.
Aliyekuwa nyuma yangu akapiga honi.
Bi Kusumlata alitazama vipanguzi vya kioo
vikienda, vikirudi,
halafu kwa sauti ya mwalimu wa darasa la pili:
Si *hain*, mwanangu. *The*.

Nilirudia vibaya, kwa *th* ya thamani.
Akatikisa kichwa. Akaweka kiganja mbele ya midomo yake,
akanionyesha pumzi inavyokigonga:
*the*.
Walikuwa.

Neno la aliyekata pumzi
lina pumzi ndani yake.
Na bado ni kwa wingi.
Mauti hayakumpunguzia hata mtu mmoja
katika ile foleni yake.

Sikuwa na neno la pole katika risiti zangu zote.
Nikasema pole, kwa Kiswahili,
naye akaipokea kama ilivyo.
Tulipofika hospitali, kabla sijafungua mlango,
akaniuliza yeye, taratibu, ili nielewe:
Na mama yako?
*Theek hain*, nikajibu. Hawajambo.

Nilimkabidhi kwa muuguzi.
Nikaegesha kando ya mapipa ya taka,
nikapiga simu Korogwe, wiki ya tatu hii sijapiga,
nikasikiliza inavyoita, inavyoita,
nihakikishe sijakosea kitenzi.